Panya hajui bikoni

Mahindi yakishaingia ndani, karanga zikishapukuchuliwa na michembe ikishakauka juu ya mawe, ndipo Igalula nzima inapokumbuka kwamba ina panya. Kila kaya inaanzisha vita yake. Huyu anamwaga maji ya moto kwenye tundu la nyuma ya choo. Yule anachoma pilipili ndani ya kopo na kupepea moshi uingie shimoni. Mwingine anashindilia vipande vya chupa. Wengi wetu lakini tunangoja siku ya gulio, apite kijana mwenye spika nyuma ya baiskeli, sauti ile ile iliyorekodiwa zamani ikijirudia tangu asubuhi mpaka jua la utosi: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Unatoa jero, unakabidhiwa kikaratasi kilichokunjwa, hakina jina wala maelezo.

Baada ya wiki panya wamepungua na mwenye nyumba anatamba kijiweni. Baada ya mwezi wamerudi, naye anasema dawa za siku hizi ni feki. Huenda haikuwa feki. Wale wa kwake walikufa kweli. Hawa ni wa jirani, wamesikia nafasi iko wazi wakahamia. Panya hajui bikoni za kiwanja chako zimeishia wapi. Na mimi naona tutaendelea kumlisha kijana wa spika mpaka tukubali kwamba kuondoa panya ni kazi ya kijiji, na kwamba kazi hiyo ina msimu wake. Msimu huo si Juni, mahindi yakiwa ndani na kila mtu ana hasira. Ni Septemba na Oktoba, wakati ambao hakuna anayewafikiria.

Lakini kwanza tujue nani anachimba. Kiwanja cha kawaida cha huku kwetu, mashariki ya Tabora mjini kandokando ya reli ya kati, kinachimbwa na wanyama wasiofanana hata kwa tabia, na sisi tunawaita wote panya na kuwapa dawa moja.

Ukikuta vichungu vya udongo mbichi vimejipanga mstari mmoja kukatiza matuta ya viazi, na hakuna tundu lililo wazi, huyo ni fuko. Unga wako haumhusu. Anakula mizizi, viazi, mihogo na karanga kutokea chini. Meno yake ya mbele yako nje ya midomo, kwa hiyo anachimba kwa meno huku mdomo umefumbwa na udongo hauingii kinywani. Ukikuta shimo kubwa la kuweza kuingiza mguu, chini ya mwembe au kwenye msingi wa banda la kuku, na maganda ya karanga yametapakaa mlangoni, huyo ni panya buku, mnyama wa kilo moja na kitu, mkia wake nusu ya mwisho mweupe. Vitundu vidogo vingi vya upana wa vidole viwili au vitatu, kwenye mpaka wa shamba, kwenye kingo za majaruba ya mpunga, na vijia vilivyolainika nyasini kutoka tundu moja hadi jingine, ni vya panya shamba. Yule anayekimbia juu ya kenchi usiku ni panya mweusi, ambaye kwa kawaida si mchimbaji bali mpandaji. Kuna na kirukanjia, mwenye pua ndefu na harufu isiyosahaulika, ambaye si panya kabisa. Anakula wadudu, na anauawa bure kila siku kwa kosa la kufanana na wenziwe.

Panya mweusi ni mgeni. Asili yake ni Asia, akaja pwani na vyombo vya biashara. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu kwenye tabaka za karne ya 7 hadi ya 8. Kuingia bara alihitaji wenye mizigo, na mizigo ilipita huku huku. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikapita Mgunda Mkali na Tura, ikapumzika Unyanyembe. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Kaze, hapo hapo Unyanyembe, mwezi Novemba 1857 walikuta mji wa biashara umeshakaa sawa, wenye tembe za udongo na nafaka ya kutosha kulisha mamia ya wapagazi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ikawa fupi zaidi. Wazee wetu wa Kinyamwezi walipeleka pembe za ndovu pwani, wakarudi na vitambaa, shanga, na abiria ambao hawakuwalipa chochote.

Panya shamba hakuletwa na mtu. Ni mwenyeji kuliko sisi, na ndiye anayetula zaidi. Bahati nzuri ni mmoja wa panya waliochunguzwa sana katika Afrika, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo imefanyika hapa nchini, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro. Akina Rhodes Makundi, Robert Machang'u, Loth Mulungu na Apia Massawe, pamoja na Mbelgiji Herwig Leirs, wametumia miaka mingi wakimtega, wakimpa alama na kumwachia, usiku hadi usiku, mpaka wakajua maisha yake kuliko tunavyojua ya majirani zetu. Jike hubeba mimba siku 23 hivi. Anazaa watoto kumi au kumi na mmoja kwa wastani, na ana chuchu za kuwatosha, hadi 24. Watoto waliozaliwa mapema, chakula kikiwa tele, nao wanazaa kabla msimu haujaisha. Makadirio ya watafiti hao yanasema panya huondoka na kama asilimia 15 ya mahindi ya Tanzania katika mwaka wa kawaida. Mwaka wa mlipuko ni habari nyingine.

Jambo kubwa walilolibaini ni kwamba kuzaa kwake kunafuata mvua. Mvua inaleta majani machanga na mbegu za nyasi, jike anapata nguvu, vizazi vinaanza kupishana. Kiangazi kikishika anaacha kuzaa. Wengi wanakufa kwa njaa, wengine wanaliwa na bundi, nyoka na vicheche, wengine wanakosa pa kujificha mashamba yakishachomwa. Kwa sisi wa msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, hesabu ni nyepesi: wanaofika Oktoba wakiwa hai ni wachache, wamekonda, na hao ndio mbegu ya mwaka unaofuata. Mwaka 1996 Leirs na wenzake walionyesha kwamba mvua nyingi za mwanzo wa msimu ni dalili ya panya kufurika baadaye. Mwaka uliofuata Patrick Mwanjabe, akishirikiana na Leirs, akapendekeza mfumo wa tahadhari kwa ajili ya wakulima wadogo, watu wa jembe la mkono. Watu wa aina yetu, yaani. Sijawahi kusikia katika mkutano wowote wa kijiji mtu akizungumzia mvua kwa sababu ya panya. Tunazungumzia mvua kwa sababu ya tumbaku na mahindi, basi.

Ndiyo maana nasema Juni ni kazi bure. Ukiua panya mia baada ya mavuno, umewapunguzia foleni waliobaki. Wanakula vizuri zaidi, na ndani ya wiki chache wa mashamba ya jirani wameziba pengo. Ukiua kumi mwezi Oktoba, umeua mia wa Aprili.

Na kuna hasara ya kupanda, ambayo watu wanaisahau kwa sababu haifanani na wizi. Mbegu ikishafukiwa, wiki mbili za kwanza ndizo za hatari. Pita shambani asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha umande, uangalie mstari wa mahindi. Utaona kishimo kidogo safi, kimechimbwa wima hasa juu ya mbegu, udongo umesukumwa upande mmoja, na pembeni ganda lililotolewa kiini. Hatua moja mbele, kingine. Hakubahatisha; ameufuata mstari wako ulioupima kwa kamba. Mkulima anarudia mbegu, anarudia tena, na mbegu ya dukani siyo bei ya kurudia. Wengine hutia mbegu tatu au nne kila shimo, moja ya panya, moja ya Mungu, na zinazobaki zao. Shamba lililopandwa peke yake, kabla au baada ya mengine yote, ndilo linalomalizwa. Mashamba yaliyopandwa kwa pamoja yanagawana hasara. Hata katika kupanda, basi, panya anamwadhibu anayekwenda peke yake.

Sasa tuje kwenye kikaratasi cha jero. Kinachouzwa sana ni zinki fosfaidi, unga wa kijivu kizito wenye harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza. Ukifika tumboni unakutana na tindikali na kutoa gesi inayoitwa fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Haina dawa ya kuibatilisha. Mtu akiila, daktari anaweza kumsaidia kupumua na kuusaidia moyo wake, na kuomba Mungu. Panya nao si wajinga: aliyeonja kidogo akaugua na kupona hatakigusa tena chambo hicho, ndiyo sababu wataalamu huanza kwa kuweka nafaka isiyo na sumu usiku kadhaa mpaka panya wazoee. Kijana wa spika hakukwambia hilo. Serikali nayo huitumia sumu hiyo hiyo mashambani panya wakifurika, ikipeleka na watu waliofundishwa kuchanganya, na kwa hilo siigombi. Shamba ni shamba. Uani kwangu kuna kuku, kuna paka, kuna mjukuu anayetambaa.

Wakati mwingine kikaratasi kina kitu kingine kabisa, sumu inayozuia damu kuganda. Hiyo inaua polepole, baada ya siku kadhaa, na kwa kuwa panya hakumbuki alikula nini Jumanne, haikwepi. Kwa mwathirika wa hiyo ipo tiba, vitamini K. Fikiria sasa mama amekimbiza mtoto zahanati usiku akiwa na kikaratasi kisicho na maandishi. Mganga amtibu kwa lipi? Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kuliko hata kwenye swali la kama dawa inafanya kazi. Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kiuatilifu chochote kinatakiwa kisajiliwe na kiwe na lebo. Kijana anatafuta riziki, simlaumu sana. Namlaumu anayemfungia mzigo.

Kuna wenye ujanja zaidi, wanaochukua vidonge vya kufukizia nafaka, vya alumini fosfaidi, wakavidondosha kwenye mashimo ya panya kandokando ya ukuta na kumwagia maji. Vidonge hivyo vikipata unyevu vinatoa gesi ile ile ya fosfini, na gesi haina adabu ya kubaki shimoni. Mwezi Januari 2017 huko Amarillo, Texas, watoto wanne wa familia moja walikufa baada ya kiuatilifu cha namna hiyo, kilichowekwa chini ya nyumba yao, kumwagiwa maji. Nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi, sakafu ya udongo, mashimo ya panya yamepenya mpaka chini ya vitanda. Mwenye vidonge hivyo avipeleke ghalani kwa mtaalamu.

Magonjwa sitayazungumza kirefu. Wilaya ya Lushoto iliingiliwa na tauni mwaka 1980, ikakaa nayo zaidi ya miaka ishirini, wakaugua zaidi ya watu 7,000. Mwezi Julai 2022 Lindi ilipata homa iliyosumbua vichwa mpaka Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Igalula si Lushoto. Lakini funzo moja la Lushoto linatuhusu: viroboto wa panya aliyekufa hawafi naye, wanatafuta mwenyeji mwingine, na mwenyeji wa karibu ni wewe. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Azikwe au achomwe, wala asitupwe barabarani watoto wakamchezea.

Basi tutumie nini? Mtego. Najua jibu hili halina mvuto. Huko Msumbiji, wilaya ya Morrumbala katika jimbo la Zambezia, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walifanya jambo ambalo lingeweza kufanywa na mwenyekiti wa kitongoji yeyote: waliwapa watu mitego ya kawaida, na kuwaomba waitege ndani ya nyumba kila usiku bila kuruka. Panya walipungua, na chakula kilichohifadhiwa kikaliwa kidogo zaidi. Siri haikuwa kwenye mtego, kwa sababu mtego ule ule ukiwa kwenye nyumba moja kati ya ishirini unakamata panya wa nyumba ishirini na hauwamalizi. Siri ni kila nyumba, kila usiku.

Wakanada wa jimbo la Alberta wamelichukua jambo hili kwa ukali ambao sisi tungeuita wazimu. Panya wa kahawia walipofika mpaka wao wa mashariki mwaka 1950, tayari kulikuwa na sheria ya mwaka 1942 inayomlazimisha kila mwenye ardhi na kila halmashauri kuangamiza wadudu na wanyama waharibifu waliotangazwa. Wakaweka ukanda wa ulinzi mpakani na wakaguzi wa kupita shamba kwa shamba. Mpaka leo jimbo zima, kubwa kuliko nusu ya Tanzania, linahesabiwa halina panya waliokita makazi. Sisemi tufike huko. Wao walikuwa wanazuia mgeni mlangoni, sisi tunaishi na mwenyeji. Ninachokitazama ni ile sentensi ya sheria inayosema kila mwenye ardhi. Haisemi mwenye kupenda.

Atakayesema watu wa Tabora hawaambiliki amesahau dumuzi. Mdudu yule wa mahindi kutoka Amerika ya Kati alionekana Afrika kwa mara ya kwanza hapa hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu wakambandika jina la Scania kwa jinsi alivyosaga ghala. Tulikuwa na mazoea ya kuhifadhi mahindi na magunzi yake. Tukaambiwa tupukuchue, tuchanganye nafaka na unga wa dawa. Wazee walinung'unika, wakapukuchua. Leo hakuna anayebishana. Mazoea yalibadilika kwa sababu maagizo yalikuwa mamoja kwa wote, na aliyekaidi aliliona ghala lake. Siku hizi tuna mifuko ya kinga njaa inayomkosesha dumuzi hewa, ni mizuri sana, ila panya anaitoboa kwa usiku mmoja na hewa inaingia. Kwa hiyo panya sasa anamfungulia dumuzi mlango. Mifuko hiyo ipangwe juu ya chanja, mbali na ukuta, au ndani ya kihenge kilichoinuliwa kimo cha mita moja, miguu yake imevalishwa bati lililokunjwa umbo la faneli ili mpandaji ateleze.

Kuna wanaopenda kutuambia kwamba panya wengi hawachimbi shimo, maana yake kazi ya wengi haina mwenyewe. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuchimbua kiota cha fuko. Wapo mafuko wanaoishi kwa ukoo, mama mmoja ndiye anayezaa na wengine wanamchimbia, mmoja mbele anatafuna udongo, wenzake nyuma wanausukuma kwa miguu mpaka nje, mita na mita za njia chini ya mihogo yetu. Wengi wanachimba, tena vizuri.

Fuko ndiye ninayemtoa kwenye hoja yangu ya kijiji, maana haki ni haki. Hazai kwa kasi ya panya shamba wala hahami kutoka kwa jirani usiku mmoja. Ukimtoa, umemtoa kwa muda mrefu, kwa hiyo huyu ni wa kaya yako. Sumu ya nafaka haitaki. Utupa na shina la tumbaku vilivyosokotwa kwenye njia yake humfanya azibe na kupitia pengine, yaani umempeleka kwa jirani. Anayemweza ni mzee mwenye subira na jembe. Anatafuta kichungu kibichi zaidi, anakifukua mpaka njia iwe wazi, anasimama upande ambao kivuli chake hakiangukii tundu na hasogezi unyayo, kwa sababu fuko anasikia mtikisiko wa ardhi. Fuko havumilii mwanga na hewa nyumbani kwake. Anakuja kuziba. Udongo unaanza kutikisika, unasukumwa kidogo, unasukumwa tena, na hapo jembe linashuka nyuma yake kukata njia ya kurudi. Wasio na subira wanatega kwa fimbo iliyopindwa, kamba na kipande cha kiazi kitamu. Vyote viwili ni bora kuliko kumwaga mafuta ya taa kwenye udongo utakaopanda viazi mwakani.

Panya buku nampa huruma kidogo, na najua nitapingwa na wenye vifaranga. Huzaa watoto wachache, na ukiziba njia za banda kwa wavu na zege, ukaanua karanga kabla ya magharibi, anahama. Huyu ndiye mnyama ambaye shirika la APOPO, likiwa ndani ya SUA Morogoro, limemfundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na baruti zaidi ya mia moja, akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022 na kuombolezwa na magazeti ya dunia. Pua ile ile ndiyo inayojua karanga zako ziko kona ipi. Nadhani tungekuwa na adabu ya kumwonyesha mlango kwanza.

Na bundi jamani. Bundi mweupe wa kwenye paa la kanisa au shule anakula panya usiku kucha, na sisi tunampiga mawe kwa sababu ya uchawi. Israeli wameweka masanduku ya kutagia bundi mashambani tangu miaka ya 1980, na wakulima wa Yordani wakajiunga mwaka 2002, nchi mbili zenye mambo mazito zaidi ya kugombania. Wamegundua bundi hana pasipoti. Kwetu inatosha kumwacha alipo.

Sasa kazi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji uitwe kila baada ya miezi mitatu. Ule wa kati ya Julai na Septemba ndio wa kuleta hoja hii, watu wakiwa na hela ya tumbaku na wako nyumbani. Hoja yenyewe iwe fupi. Wiki mbili za mwisho wa Septemba, kila kaya inafyeka na kusafisha hatua kumi kuzunguka nyumba, inaondoa marundo ya magunzi na matofali, inafukua na kuziba kila tundu. Kutoka hapo mpaka mbegu ziote, kila kaya inatega mitego miwili kila usiku, chambo kikiwa karanga iliyosagwa au kipande cha dagaa. Mitego inunuliwe kwa jumla kupitia AMCOS au vikundi vya VICOBA, bei inashuka, na mtego mmoja wa chuma unakaa miaka. Mpaka wa shamba na shamba, ule ukanda wa nyasi ambao si wa mtu, upewe vijana wa kitongoji waufyeke kwa ujira, kwa kuwa huko ndiko panya shamba wanakosubiria. Anayekataa atozwe faini ndogo kwa sheria ndogo ya kijiji, hela inunue mitego ya wajane na wazee wasio na nguvu. Afisa ugani aje na kipima mvua chake mwezi Desemba atuambie, kama mvua zimewahi na kuzidi, kwamba Aprili tukae macho na halmashauri ya wilaya yetu ya Uyui ijiandae mapema, isije na sumu Juni wakati sherehe imeshaisha.

Atasimama mtu aseme kwake hakuna panya, ana paka wawili, hivyo haoni sababu ya kuchangia. Atasimama mwingine aseme hii ni kazi ya serikali. Mwenyekiti awaache wamalize, kisha apitishe daftari la kuandikisha idadi ya mitego, nyumba kwa nyumba, akianza na wao.